Ushuru Uliosamehewa ni Jasho la Umma: Bondi za Miundombinu na Kiu ya Ukambani

Upande wa Mavindini, karibu na mahali mto Thwake unapokutana na mto Athi, kuna bwawa ambalo wakazi wa Makueni na Kitui wanalingojea tangu ujenzi wake uanze mwaka wa 2018. Ukuta wake ulipangwa kufika kimo cha mita 80.5 na kuzuia maji yanayokadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 688. Maji hayo yalikusudiwa kunywewa, kumwagilia hekta 40,000 za mashamba na kuzalisha megawati 20 za umeme. Mkopo mkubwa ulitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sehemu nyingine ya gharama ni juu ya Serikali ya Kenya. Matarajio ya mwanzo yalikuwa kwamba bwawa lingekamilika mwaka wa 2022. Mwaka huo ulipita, na miongoni mwa sababu zilizotajwa kila mara ni kuchelewa kwa malipo ya mwanakandarasi.

Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya iliingiza sokoni bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu. Serikali ilikuwa inatafuta Sh70 bilioni. Wawekezaji wakajitokeza na Sh288.66 bilioni, na Serikali ikachukua Sh240.96 bilioni. Riba ilikuwa asilimia 18.46 kwa mwaka, na mwekezaji hakutakiwa kulipa ushuru wowote juu ya riba hiyo.

Kwa hiyo fedha za kugharamia miundombinu zipo nchini, na wenye nazo wako tayari kuzitoa zikiahidiwa riba nono isiyokatwa ushuru. Mkazi wa Kathonzweni au wa Mutomo anayeamka kabla ya alfajiri kumfuata punda wake kisimani ana haki ya kuuliza fedha hizo zilijenga nini. Ana haki hiyo hata kama hajawahi kununua bondi, kwa sababu msamaha wa ushuru ni mchango wake. Shilingi asiyotozwa mwekezaji hutafutwa kwingine, na kwingine huko ni pamoja na asilimia 16 ya ushuru wa VAT anayolipa mwananchi anaponunua sabuni.

Msamaha ulianza vipi

Serikali ya Kenya ilitoa bondi yake ya kwanza ya miundombinu Februari 2009. Ilikuwa ya miaka 12, ya Sh18.5 bilioni, kwa riba ya asilimia 12.5. Fedha zake zilitengewa barabara, kawi, na maji pamoja na unyunyizaji. Riba ikasamehewa ushuru ili kuwavutia watu wakubali kufunga fedha zao kwa miaka mingi. Katika bondi za kawaida za Serikali, mwekezaji hukatwa asilimia 15 ya riba ikiwa bondi ni ya chini ya miaka 10, na asilimia 10 ikiwa ni ya miaka 10 au zaidi.

Msamaha huo haukuwekewa Serikali peke yake. Sheria ya ushuru wa mapato inasamehe riba ya hati fungani zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, za muda usiopungua miaka 3, ikiwa fedha zake zinakusanywa kwa ajili ya miundombinu na huduma nyingine za kijamii. Mwaka wa 2019 bondi za kijani, yaani zile za miradi ya kulinda mazingira, zikaongezwa. Mlango huo wa sheria ni mpana. Kampuni ya watu binafsi inaweza kupita hapo ikiwa mradi wake una manufaa kwa umma.

Na kampuni zimepita. Mwaka huohuo wa 2009, KenGen, ambayo hisa zake kwa sehemu kubwa ni za Serikali na zilizobaki ni za wanahisa wa kawaida, ilikopa Sh25 bilioni kwa bondi ya namna hii ili kuongeza umeme. Mwaka wa 2019, kampuni ya Acorn ilikusanya takriban Sh4.3 bilioni kujenga hosteli za wanafunzi jijini Nairobi, nayo ikawa bondi ya kwanza ya kijani nchini. Hosteli ni mali ya kampuni na kodi ya vyumba ni mapato yake, lakini mwanafunzi anapata mahali salama pa kulala karibu na chuo. Mwaka wa 2025 ikaja hati ya Linzi, ya Sh44.8 bilioni, miaka 15, riba ya asilimia 15.04, kugharamia uwanja wa michezo wa Talanta jijini Nairobi. Waliowekeza humo wanatarajia kulipwa kutoka Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii.

Siwalaumu waliojenga. Hosteli zinahitajika, na uwanja mzuri ni fahari ya taifa. Lakini tazama miradi hiyo ya karibuni imejengwa wapi. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, kaunti ya Kitui, na wanafunzi wake nao wanahitaji vyumba. Kiwanda cha kusindika matunda cha Kalamba, kaunti ya Makueni, kimezungukwa na wakulima ambao maembe yao huiva yote kwa wakati mmoja na kuoza kwa kukosa mahali pa kuyahifadhi. Sheria iliyosamehe riba ya hosteli za Nairobi haikatazi hosteli za Kwa Vonza wala vyumba vya baridi vya maembe, mradi mwombaji atimize masharti. Asiyekuwepo na lake halipo, na Ukambani haujakuwepo mezani.

Shilingi zinakwenda kwa nani

Tuifanye hesabu polepole. Mtu aliyeweka Sh100,000 katika bondi ile ya Februari 2024 hupata Sh18,460 kwa mwaka, akilipwa Sh9,230 kila baada ya miezi 6. Ingekuwa bondi ya kawaida ya muda huohuo, angekatwa asilimia 15 ya riba hiyo, yaani Sh2,769. Hicho ndicho kiasi ambacho umma umemwachia kila mwaka kwa kila Sh100,000.

Kwa benki, hesabu ni nyingine. Riba inayopata benki kutoka bondi ya kawaida huingia katika mapato yake, na faida hutozwa ushuru wa kampuni wa asilimia 30. Benki iliyonunua bondi ile ya miundombinu kwa Sh1 bilioni inapata riba ya Sh184.6 milioni kwa mwaka. Bila msamaha, ushuru juu ya riba hiyo ungeweza kukaribia Sh55 milioni kabla ya kuondoa gharama. Msamaha, basi, unamfaa zaidi mwenye ushuru mkubwa wa kulipa. Na benki ni miongoni mwa wenye sehemu kubwa ya deni la ndani la Serikali, pamoja na mifuko ya pensheni na kampuni za bima.

Kuna upande wa pili unaostahili kuelezwa kwa haki. Msamaha wa ushuru unatakiwa kuipunguzia Serikali riba, kwa kuwa mwekezaji asiyekatwa kitu anaweza kuridhika na kidogo. Kwa hiyo shilingi anayoachiwa mwekezaji inatakiwa irudi kwa njia ya mkopo wa bei nafuu. Februari 2024 haikuwa hivyo. Asilimia 18.46 bila ushuru ni sawa na asilimia 21.7 kwa bondi inayokatwa asilimia 15. Serikali ilikuwa katika dhiki: mkopo wa nje wa dola bilioni 2 ulikuwa ukitakiwa kulipwa Juni mwaka huo, na dola moja ilikuwa imefika karibu Sh160. Bondi hiyo, pamoja na mkopo mpya wa nje wa mwezi huohuo, ilirudisha imani na shilingi ikapata nguvu. Hayo ni manufaa ya kweli. Ila kuokoa sarafu ni kazi tofauti na kujenga bwawa, na msamaha uliwekwa kwa ajili ya bwawa.

Tatizo kubwa zaidi limo katika matangazo ya bondi yenyewe. Ile ya mwaka wa 2009 iliandamana na sekta zilizotajwa wazi. Ile ya Februari 2024 ilisema tu kwamba fedha ni za miradi ya miundombinu iliyo katika bajeti ya mwaka wa fedha 2023/24. Mtu akiuliza kama kuna shilingi iliyokwenda Thwake, tangazo halimjibu. Akiuliza kuhusu barabara ya wadi yake, halimjibu pia.

Katiba ilikwisha sema

Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema ushuru hauwezi kutozwa wala kusamehewa ila kwa sheria. Kinaendelea kusema kwamba sheria ikiruhusu msamaha wa ushuru, kila msamaha uwekwe katika kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kifungu cha 201 kinataka mizigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo.

Nikisoma vifungu hivyo viwili pamoja, naona jambo moja lisilo na utata: ushuru uliosamehewa ni fedha za umma zilizotumika. Zimetumika bila kupita katika akaunti ya wizara, bila hundi na bila stakabadhi, lakini zimetumika. Kwa hiyo zinadaiwa maelezo kama shilingi nyingine yoyote. Mtoto anayesoma darasa la kwanza leo huko Nzambani atakuwa mtu mzima kabla hati ya Talanta haijaisha. Deni ni lake pia.

Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024 ulipendekeza riba ya bondi za miundombinu ianze kukatwa asilimia 5. Mswada wote ulitupwa baada ya maandamano ya Juni. Wakati huo mjadala ulikuwa mkali juu ya mkate na magari, na pendekezo hili halikupata nafasi ya kujadiliwa kwa utulivu. Mimi sidhani dawa ni kuufuta msamaha. Dawa ni kuufunga kwenye kazi inayoonekana.

Walioanza kabla yetu

Marekani ilipoweka ushuru wa mapato mwaka wa 1913, riba ya bondi za majimbo na miji iliachwa nje. Mwaka wa 1936, jimbo la Mississippi, lililokuwa maskini na lenye kutegemea pamba, lilianza kutumia bondi za umma kujenga viwanda na kuwakodisha wafanyabiashara ili watu wapate kazi. Majimbo mengine yakaiga. Baada ya miongo michache fedha zisizotozwa ushuru zilikuwa zikijenga hata maduka ya kampuni kubwa ambazo zingeweza kukopa zenyewe.

Bunge la nchi hiyo likaanza kukaza kamba. Mwaka wa 1968 liliweka mipaka ya kwanza. Mwaka wa 1982 liliagiza kwamba kabla ya bondi ya namna hiyo kutolewa kwa mradi wa mtu binafsi, wananchi waitwe kwenye kikao cha wazi, na kiongozi aliyechaguliwa aidhinishe. Mwaka wa 1984 kila jimbo likawekewa kikomo kinachopimwa kwa idadi ya watu wake. Mwaka wa 2024 kilikuwa dola 125 kwa kila mkazi, isipokuwa kwa majimbo madogo yenye kiwango chao maalumu. Kipimo cha idadi ya watu kina maana kubwa kwetu. Kinazuia jiji moja lisimeze msamaha wote wa nchi nzima.

Karibu zaidi na nyumbani, mamlaka ya maji ya Tanga nchini Tanzania, Tanga UWASA, iliuza bondi ya kijani mwaka wa 2024. Ilikuwa ikitafuta zaidi ya Sh53 bilioni za Tanzania kwa muda wa miaka 10, riba ikiwa asilimia 13.5 isiyokatwa ushuru wa zuio, na ikapata zaidi ya ilichotafuta. Mkopaji alijulikana, kazi ilijulikana: kupanua huduma ya maji ya Tanga na miji jirani. Mnunuzi wa bondi anaweza kwenda kuyaona mabomba. Atakayelipa deni ni mteja wa maji, kupitia bili yake.

Kitui na Makueni zina kampuni za maji pia. Mji wa Kitui unahudumiwa na KITWASCO kwa maji yanayovutwa kutoka bwawa la Masinga. Mwingi unapata yake kutoka Kiambere. Wote una WOWASCO, na Kibwezi na Makindu zina yao. Kampuni hizi ni ndogo na mabomba yana mivujo, kwa hiyo hakuna mwekezaji makini atakayezikopesha kama zilivyo leo. Lakini zikitengenezwa hesabu zake, zikaungana kukopa pamoja na zikapata mdhamini, mambo yanaweza kubadilika. Acorn ilipokopa, nusu ya deni lake ilidhaminiwa na taasisi ya kimataifa ya GuarantCo. Mdhamini kwa maji ya Ukambani hawezi kuwa kitu kisichowezekana.

Kaunti zenyewe zimejaribu. Laikipia ilitaka kuuza bondi ya Sh1.16 bilioni na ikafika hadi Baraza la Mawaziri mwaka wa 2021, ila haikuwahi kufika sokoni. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti chache zilizokubali kupimwa uwezo wake wa kukopa. Kifungu cha 212 cha Katiba kinaruhusu kaunti kukopa kwa masharti mawili: Serikali ya Kitaifa idhamini, na bunge la kaunti liidhinishe. Masharti hayo ni ya busara, kwani dawa ya deni ni kulipa, na kaunti inayotegemea mgao wa Nairobi ambao mara nyingi huchelewa haiwezi kuahidi malipo ya kila miezi 6 bila kufikiri sana.

Ukambani unajua kukagua

Mtu akisema watu wa vijijini hawawezi kufuatilia fedha za bondi, apelekwe kwenye bwawa la mchanga. Kitui na Makueni zina mamia ya mabwawa haya, mengi yakiwa kazi ya vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja kijijini, kwa msaada wa mashirika. Kwanza hutafutwa mahali mwamba uko karibu katika mkondo wa mto wa msimu. Wanakikundi huchimba hadi waufikie, wakakokota mawe, wakachota mchanga na maji ya kuchanganyia saruji, kisha ukuta unapandishwa kukata mto. Mvua inaponyesha, mto huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hujificha humo bila kunyonywa na jua. Kiangazi kikifika, watu hufukua mchanga na kuteka.

Katika kazi hiyo, kila mwanakikundi anajua ni nani alileta mawe na ni nani hakuleta. Anajua saruji ilikuwa mifuko mingapi na imeingia wapi. Ukuta ukipasuka, sababu inajulikana.

Makueni iliuchukua utamaduni huo ikauingiza katika serikali ya kaunti wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kuanzia mwaka wa 2013. Mikutano ya bajeti huanzia vijijini, ikapanda hadi vikundi vya vijiji, ambavyo ni 377, kisha wadi 30, halafu kaunti. Kila mradi unakuwa na kamati iliyochaguliwa na wakazi. Kamati hupewa maelezo ya mkataba: urefu wa bomba, ukubwa wa tangi, bei. Mwanakandarasi akimaliza, kamati hukagua na kutia saini kabla hajalipwa. Wageni kutoka kaunti nyingine na nchi nyingine wamekuja kujifunza. Hapakuhitajika chuo kikuu wala sheria mpya ya Bunge. Palihitajika kiongozi aliyekubali kuonyesha karatasi.

Yanayopaswa kufanywa

La kwanza, Hazina ya Kitaifa iambatanishe kila bondi ya miundombinu na orodha ya miradi kwa majina na kaunti, na mwisho wa kila mwaka itoe taarifa ya kiasi kilichofika kwa kila mradi. Hilo lilikaribiwa mwaka wa 2009. Linawezekana.

La pili, kampuni binafsi inayotaka msamaha huu iitishe kikao cha wazi mahali mradi unapojengwa, ieleze umma utapata nini, na ahadi zake ziandikwe katika kumbukumbu ile inayotakiwa na kifungu cha 210, pamoja na makadirio ya ushuru unaosamehewa. Ikishindwa kutimiza, msamaha uondoke.

La tatu, sehemu ya msamaha itengewe kaunti kame kwa kipimo cha watu wake, ili benki na mifuko ya pensheni zipate sababu ya kutazama maji ya Mutomo na maembe ya Kalamba.

La nne, mlango wa wanunuzi wadogo ufunguliwe tena. Mwaka wa 2017 Serikali iliuza bondi ya M-Akiba kupitia simu kuanzia Sh3,000, riba asilimia 10 bila ushuru. Awamu ya kwanza ya Sh150 milioni iliisha upesi. Iliyofuata, ya Sh1 bilioni, haikujaza hata nusu. Ilikuwa na kasoro zake, lakini ilimwita mama wa chama sokoni. Ikirudi ikiwa na jina la mradi anaoujua, kwa mfano bomba linalopita kwenye soko lake, atakuwa na sababu ya kununua na sababu ya kukagua.

Mengi ya hayo hayawezi kuamuliwa Wote wala mjini Kitui. Lakini wabunge wa kaunti hizi mbili hupigia kura sheria ya fedha kila Juni, na kabla ya hapo umma hualikwa kutoa maoni juu ya mswada. Wawakilishi wa Kitui na Makueni waende na swali hili limeandikwa: katika fedha zilizokopwa kwa msamaha wa ushuru wetu, ni kiasi gani kimefika Thwake, na kilichobaki kitafika lini? Wananchi nao waulize swali hilohilo katika kila mkutano wa bajeti, na wasikubali jibu lisilo na jina la mradi na tarakimu zake.